UZI: Yeremia aliitwa kufanya nini hasa? Tusiishie aya ya tano

ufito_wa_mlozi (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa kanisani na wasio wa kanisani.

"Kabla sijakuumba katika tumbo nalikujua." Yeremia 1:5. Sidhani kuna aya ya manabii inayotajwa huku kwetu kuliko hiyo. Utaisikia mchungaji anapowekewa mikono, utaikuta kwenye kadi ya kipaimara, na mtu akitaka kueleza kwamba ameitwa, ndiyo ya kwanza mdomoni. Naipenda sana. Kinachoniuma ni kwamba tukiishaisoma tunafunga kitabu, na sura 51 zinazofuata, zinazoonyesha wito ule ulimfanya nini mwenye kuitwa, tunaziacha zikae.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mwenye kuipinga aanze kujiandaa. Yeremia aliahidiwa vitu viwili: kazi, na kwamba Mungu atakuwa pamoja naye. Hakuahidiwa kusikilizwa. Hakuahidiwa kupendwa, wala kwamba mambo yatamnyookea. Na mimi naamini ni hapo hapo tunapoutambua wito wa kweli.

Nitaandika kwa vipande. Natumia Biblia ya Union, kwa hiyo majina ni ya humo. Twende.

ufito_wa_mlozi

Kwanza alikotoka. Anathothi kilikuwa kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, kilomita tano hivi kaskazini-mashariki ya Yerusalemu. Jina lake bado lipo katika mji wa Kipalestina wa Anata. Kwa mguu ni saa moja na kidogo kufika mjini, na ukigeuka upande wa mashariki ardhi inaanza kuteremka kuelekea jangwa la Yuda. Yeremia ni mwana wa Hilkia, mmoja wa makuhani wa hapo.

Sasa someni 1 Wafalme 2:26-27. Sulemani alipokalia kiti alimwondoa kuhani Abiathari kwa sababu alimuunga mkono Adonia, nduguye Sulemani aliyeutaka ufalme, akamwambia aende Anathothi, mashambani kwake. Na Abiathari alikuwa wa nyumba ya Eli, yule kuhani wa Shilo. Biblia haitaji nasaba inayomfikisha Yeremia kwa Abiathari, lakini kijiji chenyewe kilikuwa kile: makuhani waliosukumwa pembeni, wanaishi jirani na hekalu la Yerusalemu huku kumbukumbu ya ukoo wao ikiwa Shilo, mahali palipokwisha kuharibiwa. Kijana aliyekulia hapo alijua tangu utotoni kwamba nyumba ya Mungu inaweza kubomoka na Mungu asibomoke nayo. Ndiyo maana aliposimama langoni mwa hekalu kuwaambia watu wasilitumainie jengo, aliwaambia waende Shilo wakajionee (Yer 7:12). Yalikuwa maneno ya nyumbani kwao.

Aliitwa mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, takriban 627 KK. Ashuru, dola iliyokuwa imezikalia falme ndogo za ukanda ule kwa zaidi ya miaka mia moja, ilikuwa inachoka. Mwaka 612 KK Ninawi ilianguka. Nani angechukua nafasi yake, Misri au Babeli, ndilo swali lililowaua wafalme wa Yuda mmoja baada ya mwingine.

ufito_wa_mlozi

Wito wenyewe. Ningeomba msome Isaya 6 kwanza halafu mrudi Yeremia 1, mtaona tofauti mara moja.

Isaya yuko hekaluni, mwaka aliokufa mfalme Uzia. Kuna kiti cha enzi kilichoinuliwa, pindo za vazi zimelijaza hekalu, maserafi wenye mabawa sita sita, misingi ya vizingiti inatikisika, moshi. Ezekieli naye, mwaka 593 KK, yuko uhamishoni karibu na mto Kebari, anaona viumbe na magurudumu yaliyojaa macho, kisha anaanguka kifudifudi.

Kwa Yeremia hakuna hata kimoja cha hivyo. Hatuambiwi alikuwa wapi. Hatuambiwi ilikuwa saa ngapi. Kuna neno linalomjia, kuna majibizano, kisha mkono unanyoshwa na kugusa kinywa chake. Basi.

Tazameni mguso huo. Isaya naye aliguswa midomo, kwa kaa la moto kutoka madhabahuni, kwa sababu alikuwa amelia kwamba ana midomo michafu. Kaa lilimwondolea uovu. Yeremia hakulalamikia dhambi. Alisema hajui kusema, yeye ni mtoto. Kwa hiyo mkono ulipomgusa haukuja kusafisha, ulikuja kuweka kitu: "Tazama, nimetia maneno yangu kinywani mwako." Tangu siku hiyo mdomo wake una mwenyewe mwingine. Nikifika sura ya 20 mtaona jambo hilo lilivyomtesa.

Halafu jibu la Mungu kwa lile neno "mimi ni mtoto". Hakumwambia umeshakua. Hakumtia moyo kwamba anajua kusema vizuri kuliko anavyodhani. Alimkataza tu kusema hivyo, akamwambia atakwenda kwa kila atakayetumwa kwake na kusema kila atakaloamriwa. Udogo wake ulibaki vile vile. Haukuwa tena sababu.

bint_pwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeupenda uzi huu, naomba nichangie kwa upande wetu. Nabii Yeremia hakutajwa kwa jina ndani ya Qur'ani, ila katika vitabu vya visa vya mitume anajulikana kama Armiya, na baadhi ya wafasiri wamemtaja wanapoeleza ile aya ya Suratul Baqara, 259, ya mtu aliyepita kwenye mji ulioanguka mapaa yake akauliza Mwenyezi Mungu atauhuisha vipi baada ya kufa. Wengi zaidi wanasema ni Uzeir.

Ila kwenye hili la kuogopa kusema, mimi nimemkumbuka Nabii Musa katika Surat Taha. Alipotumwa kwa Firauni aliomba akunjuliwe kifua, afanyiwe jambo lake jepesi, afunguliwe fundo lililo katika ulimi wake ili wapate kuifahamu kauli yake, tena akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi. Na akapewa alichoomba. Je, Yeremia alipewa msaidizi?

ufito_wa_mlozi

Wa alaykum salaam dada yangu, ahsante sana kwa mchango huu. Swali lako limegusa penyewe. Katika Kutoka pia Musa anapewa Haruni awe kinywa chake. Yeremia hakupewa msemaji. Baadaye anatokea Baruku mwana wa Neria, mwandishi, lakini kazi yake ilikuwa kuandika yaliyokwisha kusemwa, na katika wito hatajwi. Siku ile alipewa neno moja la kumshika: "mimi nipo pamoja nawe nikuokoe." Alienda na hilo.

kinanda_cha_kale

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, usisahau kufafanua ufito wa mlozi na sufuria, maana nimesikia mahubiri mengi juu ya hayo na kila mmoja ana lake.

ufito_wa_mlozi

Nakuja huko, ila kwanza aya ya 10, maana ndiyo barua ya kazi yenyewe. "Kung'oa, na kubomoa, na kuharibu, na kuangamiza, ili kujenga na kupanda." Vitenzi sita. Vinne ni vya kuvunja, viwili vya kusimamisha, na viwili hivyo vimewekwa mwisho. Anayetaka kuuelewa utumishi wa Yeremia avihesabu hivyo. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa akisema mambo yanayovunja, mbele ya watu waliotamani kusikia yanayojenga, na walikuwepo manabii wengine waliokuwa tayari kuwapa.

Tena aliwekwa juu ya mataifa na falme. Mwana wa kijiji! Hana jeshi, hana wadhifa ikulu. Silaha yake ni maneno aliyotiwa kinywani.

Sasa mlozi. Katika milima ile mlozi ndio mti unaotangulia kuchanua, mwishoni mwa Januari au Februari, miti mingine ikiwa bado haina jani. Katika Kiebrania jina lake linasikika karibu sawa na neno la kukesha, kwa hiyo Yeremia anaposema anaona ufito wa mlozi, Mungu anajibu kwamba Yeye analiangalia neno lake, ili alitimize. Hivyo tu. Sioni fumbo la utajiri wala la uchumba humo. Ni Mungu akimwambia kijana aliyeogopa: kulitimiza neno ni kazi yangu, wewe kalitamke.

Na ile sufuria inatokota, mdomo wake umeinama kutoka kaskazini. Babeli iko mashariki, lakini katikati pana jangwa ambalo jeshi halivuki, kwa hiyo majeshi yalipanda kufuata mto Frati kisha yakashuka Yuda kutokea kaskazini. Kila mkazi wa Yerusalemu alijua hatari inaingilia upande gani. Muone mkono wa mwalimu hapo: mwanafunzi anaonyeshwa tawi na chombo cha jikoni, anaulizwa "waona nini?", anajibu alichokiona, anaambiwa "umeona vema." Mara ya kwanza baada ya lile katazo anapata neno la kumpongeza, nalo ni kwa kuona, kabla hajahubiri hata sentensi moja.

ufito_wa_mlozi

Kipande kigumu. Aya za 17 hadi 19.

Anaambiwa ajifunge viuno, asifadhaike mbele yao, asije akafadhaishwa na Mungu mwenyewe. Anafanywa mji wenye boma, nguzo ya chuma, kuta za shaba. Dhidi ya nani? Someni orodha: wafalme wa Yuda, wakuu wake, makuhani wake, watu wa nchi. Hakubaki mtu. Makuhani ni baba yake na wajomba zake. "Nao watapigana nawe" imeandikwa kabla hajatoka nyumbani. Hiyo ndiyo sehemu ya wito ambayo haichapwi kwenye kadi.

Na ikaja kama ilivyosemwa. Watu wa Anathothi, kijiji chake, walitaka kumuua wakimwambia asitabiri (11:21). Ndugu zake na nyumba ya baba yake wakamtenda kwa hila (12:6). Alikatazwa kuoa na kuzaa mahali pale (16:2), jambo zito kwa mwana wa kuhani, maana ukuhani ulikwenda kwa uzao. Hata heshima ya kuulizwa hakuipata kwa urahisi: mwaka wa 18 wa Yosia, takriban 622 KK, kitabu cha torati kilipoonekana hekaluni, mfalme alituma wajumbe kutafuta neno la Bwana, nao wakaenda kwa nabii mke Hulda (2 Wafalme 22:14). Yeremia alikuwa ameitwa miaka mitano kabla. Kuna wasomi ambao kwa sababu ya ukimya huo wanasema mwaka wa 13 wa Yosia ni mwaka aliozaliwa, kwa kuwa aliitwa tangu tumboni. Mimi siwafuati, kwa sababu 25:3 inasema wazi kwamba kuanzia mwaka huo alikuwa akisema nao, akiamka mapema na kunena. Miaka 23 ya kunena, na "hamkusikiliza."

Kisha Pashuri mwana wa Imeri, kuhani na msimamizi wa nyumba ya Bwana, akampiga na kumtia katika mkatale kwenye lango la juu la Benyamini. Lango hilo linaelekea kwao, upande wa Benyamini. Mtu wa Anathothi akija mjini kuuza au kusali alikuwa na nafasi nzuri ya kumwona mwana wa Hilkia amefungwa miguu.

Ni baada ya usiku huo ndipo tunapata sura ya 20:7-18, na hapa naomba tusiharakishe. Anamwambia Mungu: umenihadaa, nami nikahadaika, una nguvu kuniliko. Anasema alijaribu kunyamaza, asimtaje tena, lakini ikawa moyoni mwake kama moto uwakao uliofungwa ndani ya mifupa yake, akachoka kujizuia. Mnaukumbuka ule mkono uliotia maneno kinywani? Haya ndiyo matokeo yake. Yamo, hayatoki, na kuyafungia ndani kunamuunguza.

Halafu anailaani siku aliyozaliwa. Anauliza kwa nini hakuuawa tumboni, mama yake awe kaburi lake, kwa nini alitoka tumboni aone taabu na huzuni. Tumbo! Lile lile la 1:5, ambalo Mungu alisema kabla hajatoka humo amemtakasa. Yeremia anajua vizuri anachokisema. Anaurudia wito wake neno kwa neno na kumrudishia aliyempa. Mtu akinisomea aya ya tano bila hii, najua amesoma nusu.

Na Mungu hakumpiga kwa maneno hayo. Yamo kwenye kitabu, yamehifadhiwa, tunayasoma kama Neno la Mungu. Lalamiko lake la kabla ya hapo, la sura ya 15, alipodiriki kumwita Mungu kijito kidanganyacho, linajibiwa kwa kurudiwa maneno ya siku ya kwanza: ukirudi nitakurejesha, nitakufanya ukuta wa shaba, watapigana nawe wasikushinde, maana mimi nipo pamoja nawe. Hakuongezewa kitu kipya. Alipewa upya kile kile.

mchungaji_wa_pembezoni

Mtumishi, nimekusoma kwa makini. Nakubaliana na mengi, lakini naomba nikupinge kwa upendo. Nalea vijana kanisani. Kijana anayesikia kwamba kuitwa ni kupigwa, kukataliwa na ndugu na kulaani siku ya kuzaliwa, atakimbia. Wengine wamepitia mateso majumbani na wanakuja kwetu kutafuta neno la tumaini. Hiyo 1:5 imewaokoa baadhi yao nisiowataja. Usiinyang'anye nguvu yake.

ufito_wa_mlozi

Baba mchungaji, nakushukuru, na nisingependa kijana yeyote anyang'anywe aya hiyo. Aliyejiona hana thamani akisikia anajulikana na Mungu tangu tumboni, aishike kwa mikono miwili. Ninaowakusudia ni wale wanaoitumia kama hati ya kutohojiwa: "nimeitwa tangu tumboni, usiniguse." Yeremia aliyeambiwa maneno hayo alihojiwa, alishtakiwa, alisimama barazani akajibu.

Na tumaini limo. Vitenzi viwili vya mwisho, kujenga na kupanda, alivitimiza kwa njia ambayo mimi huwa narudi kuisoma nikikata tamaa. Sura ya 32. Ni mwaka wa kumi wa Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, Wababeli wameuzingira mji, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi. Binamu yake Hanameli anakuja akiwa na shamba la kuuza, na shamba lenyewe liko Anathothi! Kijiji kile kile kilichotaka kumuua, na wakati huo nchi yote kuzunguka mji iko mikononi mwa adui. Yeremia ana haki ya ukombozi kama ndugu, basi ananunua.

Angalieni maandiko yanavyokaa kwenye jambo hilo hatua kwa hatua. Anapima fedha, shekeli 17, kama gramu 190 hivi kwa uzani wa Yuda. Hati inaandikwa, inatiwa muhuri, mashahidi wanaitwa, fedha inapimwa kwenye mizani. Kuna nakala mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi. Baruku anakabidhiwa zote mbili mbele ya watu walioketi uwandani, anaambiwa azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Kisha neno lenyewe: nyumba na mashamba na mizabibu itanunuliwa tena katika nchi hii.

Aliyekuwa amebomoa kwa maneno kwa karibu miaka arobaini, akaja kupanda kwa fedha yake mwenyewe, katika shamba ambalo yeye hakupata kulilima. Vijana wakifundishwa hilo hawatakimbia, baba.

mchungaji_wa_pembezoni

Nimepokea. Sura ya 32 nitaihubiri.

nuru_ya_ziwa

Swali la mtu wa kawaida: zama zile manabii walikuwa wengi na wote walisema "Bwana asema hivi". Sasa mwananchi wa Yerusalemu angemjuaje aliyeitwa kweli? Maana hata leo tatizo ni hilo hilo.

ufito_wa_mlozi

Hili ndilo swali la sura ya 28. Mwaka wa nne wa Sedekia, Yeremia anatembea na nira ya mti shingoni kuonyesha kwamba Yuda itamtumikia Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Hanania mwana wa Azuri, nabii kutoka Gibeoni, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema katika miaka miwili vyombo vya hekalu na waliohamishwa watarudi. Anatumia fomula ile ile, jina lile lile la Mungu. Anaitwaa nira, anaivunja.

Yeremia anafanya nini? Kwanza anasema Amina, Bwana na afanye hivyo. Natamani iwe kweli, ndivyo ninavyomsikia. Kisha anakumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake linapotimia. Na nira ilipovunjwa, imeandikwa tu kwamba alikwenda zake. Hakuwa na jibu palepale, hakulitunga. Neno lilimjia baadaye: umevunja nira za mti, zitakuja za chuma. Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Mfano wa pili ni sura ya 42. Mji umeshaanguka, mabaki ya watu wanamjia wakitetemeka, wanataka kujua waende Misri au wabaki. Ni jambo la kufa na kupona. Neno likaja baada ya siku kumi (42:7). Siku kumi watu wenye hofu wanamsubiri, naye hafungui kinywa kwa sababu maneno yaliyomo si yake. Mimi hapo ndipo ninapouona wito wa sura ya kwanza ukifanya kazi kuliko mahali pengine popote. Mwenye neno tayari kwa kila anayebisha hodi, siku yoyote, saa yoyote, ningemwuliza amelitoa wapi.

kinanda_cha_kale

Mkuu, na upande wa historia? Kuna mtu ataingia hapa aseme ni hadithi tu.

ufito_wa_mlozi

Wito wenyewe hauchimbuliwi ardhini, lakini mazingira yake yamechimbuliwa sana. Barua za Lakishi, vigae vilivyoandikwa kwa wino, zilianza kupatikana mwaka 1935 na James Leslie Starkey. Mmoja wa waandishi anasema wanaangalia ishara za Lakishi kwa kuwa Azeka haionekani. Linganisheni na Yer 34:7, inayosema miji hiyo miwili ndiyo yenye maboma iliyobaki. Tarihi ya Babeli iliyoko British Museum inaeleza kutekwa kwa Yerusalemu mapema mwaka 597 KK. Mihuri ya udongo iliyochimbuliwa katika Mji wa Daudi ina majina ya Gemaria mwana wa Shafani, Yehukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri, nayo yote yamo katika kitabu cha Yeremia. Wawili hao wa mwisho, 38:1, ni katika waliosababisha atiwe shimoni, kwenye matope, hadi Ebedmeleki Mkushi, mtu wa bara letu hili, alipomtoa kwa kamba, akimpa matambara ya kuweka makwapani ili zisimchune.

nuru_ya_ziwa

La mwisho kwangu. Sura ya 26 inamtaja nabii Uria wa Kiriath-yearimu, aliyetabiri maneno sawasawa na ya Yeremia, akauawa. Kwa nini ahadi ya "nikuokoe" ilimfaa mmoja na mwingine akafa?

ufito_wa_mlozi

Nimeliwaza swali hili kwa muda mrefu, na jibu rahisi sitalitoa. Uria aliogopa, akakimbilia Misri. Mfalme Yehoyakimu, mwana wa Yosia, akamtuma Elnathani mwana wa Akbori na watu wengine wakamrudisha, akauawa kwa upanga, maiti yake ikatupwa makaburini mwa watu wasio na cheo. Wako wanaosema alikufa kwa sababu alikimbia. Siwezi kusema hivyo. Maandiko hayamlaumu hata kwa neno moja, na Eliya naye alikimbia. Ahadi ya 1:8 alipewa Yeremia. Haikuwa kanuni ya kila aliyeitwa.

Ninachokiona ni njia ambayo ahadi hiyo ilipitia. Aya ya mwisho ya sura hiyo, 26:24, inasema mkono wa Ahikamu mwana wa Shafani ulikuwa pamoja na Yeremia, asitiwe mikononi mwa watu auawe. Fuatilieni nyumba hiyo ya Shafani. Shafani mwandishi ndiye aliyemsomea Yosia kitabu cha torati, na Yosia akararua mavazi yake. Ahikamu alikuwa katika wajumbe waliokwenda kwa Hulda. Elasa mwana wa Shafani aliipeleka Babeli barua ya Yeremia kwa waliohamishwa. Katika chumba cha Gemaria, mwana mwingine, Baruku alilisoma gombo la maneno ya Yeremia. Na Yehoyakimu alipokuwa akilikata vipande kwa kisu cha mwandishi na kuvitupa motoni, pasipo kurarua vazi kama baba yake, Gemaria alikuwa mmoja wa watatu waliomsihi asilichome. Mwingine katika hao watatu alikuwa Elnathani, yule yule aliyekwenda Misri kumleta Uria.

Mji ulipoanguka, Yeremia alitolewa uwanda wa walinzi akakabidhiwa kwa Gedalia mwana wa Ahikamu mwana wa Shafani, amchukue nyumbani (39:14). Gedalia naye aliuawa Mispa muda mfupi baadaye, na waliobaki wakamchukua Yeremia hadi Tahpanhesi, Misri, baada ya kulikataa neno walilolisubiri siku zile kumi.

Nyumba ya Shafani inastahili uzi wake. Nitaufungua nikimaliza kusoma 2 Wafalme 22 sambamba na Yeremia 36. Wenye nyenzo juu ya mihuri ile ya Mji wa Daudi tafadhali wekeni hapa chini.